Vitufe Vitatu

Ukutani vilikuwa vitatu, vimepangwa kama vifungo vya shati,
na sisi tulikuwa watatu: Sugimori, kijana Nagai, na mimi.
Kimoja tu kilikuwa na waya wa kweli.
Kipi, hatukuambiwa. Ndiyo huruma ya serikali kwetu:
tugawane mauti mafungu matatu, kila mtu arudi kwake
na theluthi moja ya shaka.

Taa ikawaka. Tukabonyeza.
Sakafu ya chumba cha pili ikaitika.

Hirabaru aliwaua wazee wawili wauza tofu,
mtaa wa nyuma ya stesheni, kwa yeni elfu arobaini na redio.
Alikiri. Sisemi hakukiri.
Miaka kumi na mmoja nilimpelekea chai mlangoni,
naye hakuniuliza kitu ila matokeo ya sumo.
Asubuhi ile, viatu vyetu viliposimama kwake badala ya kupita,
aliweka kijiko chini taratibu.
"Yule wa Aomori, jana, vipi?"
Nikamwambia kashinda.
Alikuwa kaangushwa kabla watazamaji hawajakaa vizuri.

Nyumbani hubishana, hasa mwaka mpya, sake ikishapanda.
Shemeji yangu Morikazu hupiga meza:
"Aliyeua kwa makusudi kajitoa mwenyewe kwenye hesabu ya watu!
Tumlishe wali mpaka azeeke, kwa kodi ya nani?"
Binti yangu Kanae, anayesomea sheria, hajibu kwa kelele:
"Mahakama ni watu, mjomba, na watu hukosea.
Aliyefungwa utamfungulia mlango.
Aliyenyongwa utamfungulia nini?"
"Na huyu aliyekiri?"
Kanae hutazama bakuli lake.
Kisha wote wawili hunigeukia mimi, kana kwamba ni kamusi.
Mimi huomba nipitishiwe figili.

Bi Ishizuka, mtoto wa wale wazee, aliandika barua kila Machi:
silali, silali, mtaniambia lini.
Mwaka jana nilimwona duka la dawa. Nilimjua kwa picha za magazeti;
yeye angenijulia wapi?
Alikuwa akimweleza muuzaji kwamba vidonge hahitaji tena,
siku hizi usingizi unamchukua hata kabla ya taarifa ya habari.
Nilifurahi. Naapa nilifurahi.
Nikangoja atoke,
nikanunua vile alivyovikataa.

Kidole kimoja hakivunji chawa, ndivyo wasemavyo.
Sisi tulikuwa na vitatu, na yule hakuwa chawa,
na kimoja kilitosha.

Sugimori anasema kilikuwa chake. Anasema kila akilewa,
kwa sauti ya mtu anayetaka kulipia meza nzima.
Nagai aliacha kazi, akaenda kufuga ng'ombe kaskazini.
Mimi nilimuuliza fundi wa umeme, siku moja, kwa mzaha.
Akasema waya huhamishwa kila baada ya kazi,
hata yeye akiamka asubuhi hakumbuki,
na akaomba tuzungumzie jambo jingine.

Bahasha ya posho ilikuwa na yeni elfu ishirini.
Tulinunua jiko la wali.
Mke wangu hulibonyeza yeye. Hajawahi kuuliza kwa nini.

Jana kwenye lifti alikuwamo mtoto wa ghorofa ya nane,
mabuti ya mvua miguuni, anarukaruka.
"Babu, sifiki. Nibonyezee."
Nikakitazama kidole changu.
Nikamnyanyua yeye.
Akavibonyeza vyote, kuanzia pili hadi tisa, anacheka,
na ikabidi tusimame kila ghorofa,
mlango ukifunguka, ukifunguka, ukifunguka,
na kila mara, nilipoangalia,
chini yetu palikuwa na sakafu.